Nyumba mpya inanuka ukungu, ya mzee ya mwaka 1974 haijawahi: nifunge feni za kutolea hewa au napigwa?

#1 Mkwezi_wa_Goba
Habari wakuu, niende moja kwa moja.

Nimehamia kwangu Goba Agosti mwaka jana. Vyumba vitatu, viwili ni masta, madirisha ya alumini ya kuslaidi, dari ya jipsamu, bati la msauzi juu. Mpaka Februari ilikuwa raha mustarehe. Masika ndiyo yamenivua nguo. Viatu vya ngozi kabatini vimeota manyoya ya kijani. Suti niliyofungia ndoa ina madoa mgongoni kama ramani. Kona ya dari karibu na bafu la masta imekuwa nyeusi utadhani kuna mtu alikokea moto pale. Na asubuhi ukifungua mlango wa chumba, harufu inayokupokea ni ya gunia la mihogo iliyolowa.

Kinachonikera ni hiki: nyumba ya mzee Tanga ilijengwa 1974, kuta za chokaa, madirisha ya luva, tundu za hewa juu ya kila dirisha. Tumekulia pale watoto saba na sikumbuki mtu kununua dawa ya ukungu.

Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza anasema feni ya inchi 6 kila bafu na moja jikoni, laki tatu na nusu pamoja na kazi. Wa pili kaja na mpya: mfumo wa nyumba nzima, mashine moja darini, mabomba kila chumba, milioni 4 na ushee. Shemeji yangu yuko Uingereza, anasema huko kila nyumba mpya inao.

Je, ni lazima? Na kama ni lazima, mbona mzee hakufunga kitu?

#2 Kijiti_Moto
Naweka kigoda. Hivyo viatu vikizidi manyoya vipeleke kwa kinyozi.

#3 FundiWaya_Tegeta
Mkuu, mzee alifunga, ila mfumo wake haukuwa na waya. Luva hata ukizifunga zinapitisha hewa. Tundu za juu ya dirisha hazifungwi usiku wala mchana. Hewa ya moto inapanda, inatokea juu, ya baridi inaingilia chini. Sasa wewe umeweka alumini yenye mpira pembeni, na dirisha la kuslaidi hata ulifungue lote unapata nusu tu, kioo kimoja lazima kikae mbele ya kingine. Ukaziba tundu za juu kwa sababu ya urembo. Ukaweka jipsamu isiyo na upenyo hata wa sindano. Mvuke wa kuoga, wa kupika, wa watu wanne kupumua usiku kucha unakwenda wapi?

Feni unahitaji. Ila inchi 6 bafuni ni kukuuzia trekta ukalime bustani ya mchicha. Inchi 4 inatosha bafu la kawaida. Kitu kimoja umsimamie fundi: bomba litoke NJE, kwenye ukuta au paa. Wengi wanatoboa jipsamu, wanafunga feni, mvuke wote unaishia darini. Miezi sita kenchi, mbao za paa, zinaanza kuoza na dari inabonyea. Hilo nimelikuta nyumba nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

#4 BintiMakorora
Tanga tumetajwa, nimefika.
Kaka, usiipambe nyumba ya mzee. Na sisi tulikuwa na luva. Vumbi la kupangusa mara mbili kwa siku, mbu wanaingia kama wana ufunguo. Na kama nyumba yenu haikunuka, muulize mama yako magodoro yalianikwa mara ngapi. Kwetu ilikuwa kila Jumamosi, nguo za kabatini zote juani, kabati wazi mpaka Alasiri. Wewe tangu Agosti hiyo suti umeianika lini?

#5 Kijiti_Moto
Mleta mada ameulizwa swali gumu, ngoja tumpe nafasi.

#6 Mkwezi_wa_Goba
@BintiMakorora suti sijaianika. Nakiri.

#7 Saruji_na_Kokoto
Naona mnakimbilia feni kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Maswali matatu kwa mleta mada:
Ukungu unaanzia juu ya ukuta au chini?
Juu ya msingi fundi alitandika ile nailoni ya kuzuia unyevu, mafundi wanaiita DPC, au alikwambia "Goba ni mlimani, haina haja"?
Tangu kupiga plasta mpaka kuhamia ni muda gani?

Nyumba mpya ni sifongo. Zege, plasta, pati, rangi, vyote vimekunywa maji na lazima viyateme. Ukijenga haraka ukahamia haraka, mwaka wa kwanza unaishi ndani ya sifongo. Feni haitakusaidia kama ukuta unanyonya maji kutoka ardhini.

#8 Mkwezi_wa_Goba
Masta ni juu, kwenye dari na nyuma ya kabati. Chumba cha watoto rangi inavimba chini, kama futi moja kutoka sakafuni. Nailoni sikumbuki kuiona, nilikuwa kazini, fundi alikuwa ananitumia picha WhatsApp. Kujenga mpaka kuhamia miezi saba.

#9 Saruji_na_Kokoto
Miezi saba! Kesi imefungwa.

#10 Bi_Mdogo_Leeds
Haijafungwa. Salamu kutoka Leeds, na huyo shemeji nimsahihishe kwanza. Si kweli kwamba kila nyumba mpya huku ina mfumo wa nyumba nzima. Nyingi zina feni za bafuni na jikoni pamoja na vitundu vidogo juu ya fremu ya dirisha. Mfumo kamili wenye mabomba na mashine ya kubadilishana joto unawekwa zaidi kwenye nyumba zilizozibwa kabisa zisivuje hewa. Shemeji labda kapanga ghorofa jipya akadhani Uingereza yote iko hivyo.

Kanuni za ujenzi za England, sehemu F, zinataka feni ya bafuni itoe angalau lita 15 za hewa kwa sekunde, ya jikoni lita 30 ikiwa juu ya jiko, na 60 ikiwa pengine. Kwa hiyo @FundiWaya_Tegeta yuko sawa, inchi 4 inatosha, mradi bomba liwe fupi na limenyooka. Lile bomba la kukunjakunja likipigwa kona tatu, feni inalia tu haivuti. Halafu mlango wa bafu uachiwe upenyo wa milimita 10 chini. Mafundi wa pande zote mbili za dunia wanausahau. Feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna inayoingia.

Mimi napanga nyumba ya zamani, ya enzi za Malkia Victoria. Ilikuwa na matundu ya moshi kila chumba, yakazibwa. Madirisha ya mbao yakang'olewa yakawekwa ya plastiki yasiyo na vitundu. Mwaka wa kwanza ukuta wa chumba cha mwanangu ukawa mweusi. Mwenye nyumba akaniambia nipunguze kupika pilau. Wallahi ndivyo alivyosema.

Huku si jambo la mzaha tena. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili alifariki Rochdale, na Novemba 2022 afisa wa uchunguzi wa vifo akaamua kwamba ukungu wa nyumba waliyopangishwa ndio uliomharibia mapafu. Sasa kuna sheria inayobeba jina lake, Sheria ya Awaab, inayowapa wenye nyumba za umma muda maalumu wa kushughulikia ukungu. Imeanza kutumika Oktoba 2025.

#11 Kijiti_Moto
Pilau ndiyo imekuwa mkosaji? Kazi ipo.

#12 MzeeWaKibaraza
Asalaam aleikum. Mie niko Mji Mkongwe, Unguja. Nyumba yetu ya mawe ina kuta nene kuliko mkono wangu kuanzia kiwiko mpaka vidole. Mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, boriti za mikoko juu, na ndo maana vyumba vyetu vyembamba, boriti haivuki sana mita tatu. Katikati kiwanja cha wazi. Hewa inapanda pale kama moshi kwenye bomba. Hatukuwa na feni hata moja mpaka nakua.

Mambo yaliharibika siku ndugu yangu alipoamua kuipendezesha. Kakwangua chokaa, kapiga plasta ya saruji ndani na nje, juu kapaka rangi ya mafuta. Ukuta wa chokaa unapumua: unakunywa maji mvua ikinyesha na unayatoa jua likiwaka. Ukishauvisha saruji umeuvalisha koti la mvua kwa ndani. Mwaka wa pili rangi ikaanza kudondoka vipande kama magamba ya changu. Akaja mtu kamwambia afunge feni. Feni ipo mpaka leo, inazunguka, na magamba yanadondoka.

Na huku huwezi kutoboa ukuta hivi hivi, Mamlaka ya Mji Mkongwe lazima waridhie. Tangu 2000 tumo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO.

#13 Chaki_na_Ubao
Nakazia kwa mzee. Ndiyo maana hata Beit al-Ajaib, lile jumba la kifalme la huko Unguja, ilianguka 2019, saruji hizo hizo.

#14 MzeeWaKibaraza
Ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, mwanangu, si 2019. Na ilikuwa inafanyiwa ukarabati, watu walipoteza maisha pale. Usiibebeshe saruji yangu ya nyumbani jengo la Sayyid Barghash la 1883.

#15 Chaki_na_Ubao
Samahani mzee, nimepokea.

#16 Baharia_Muscat
Wakuu, nimesoma mpaka hapa na hakuna aliyeuliza swali la msingi. Mleta mada, AC unaweka nyuzi ngapi usiku?

#17 Mkwezi_wa_Goba
18. Mama watoto anataka 16.

#18 Baharia_Muscat
Hapo hapo.

Mimi nafanya kazi za viyoyozi huku Oman mwaka wa tisa. Masika ya Dar usiku ni kama nyuzi 27 na unyevu asilimia 85. Hewa ya namna hiyo ikigusa kitu chochote chenye ubaridi wa nyuzi 24 kushuka chini, inaanza kutoa maji. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji, unaonaje? Wewe umekigeuza chumba chako chupa ya soda. Ukuta, dari, mgongo wa kabati, vyote vimepoa. Asubuhi mnazima AC, mnafungua dirisha "chumba kipate hewa", hewa nzito inaingia, inakaa kwenye vitu baridi. Ukungu unakula vizuri.

Sasa sikia hatari ya ushauri wa @FundiWaya_Tegeta. Akikufungia feni bafuni na ukaiacha usiku kucha na AC inawaka, kila lita inayotoka nje lazima irudishwe na lita nyingine. Inaingilia wapi? Chini ya mlango, kwenye reli za alumini, kwenye matundu ya taa za jipsamu. Na hiyo inayoingia ni ile ya asilimia 85. Umelipa hela kuvuta unyevu ndani. Huku majengo mazuri yanafanya kinyume: yanaingiza hewa kidogo iliyokwisha kukaushwa, ndani kunakuwa na msukumo wa kwenda nje.

#19 FundiWaya_Tegeta
Mkuu Baharia nakuheshimu ila huko ni jangwani na majengo ya petroli. Hapa tunazungumzia mtu wa Goba anayeoga maji moto na mlango wa bafu unafungukia chumbani. Mvuke wa bafu uache uende kabatini? Sijasema feni iwake usiku kucha. Kuna za taima, unatoka bafuni inaendelea dakika 15 inazima. Na zina kilango kinachojifunga hewa isirudi.

#20 Baharia_Muscat
Ungeanza na taima tusingebishana. Na Muscat ni mji wa bahari ndugu yangu, njoo Agosti uone kama ni jangwa. Miwani inaingia ukungu ukitoka mlangoni.

#21 Chaki_na_Ubao
Nirudi kwa fani yangu, nafundisha fizikia, la historia mnisamehe. Bi Mdogo na Baharia wote wako sahihi, tofauti ni mahali. Leeds siku ya baridi, nje nyuzi 5, mita moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 7 za maji. Ukiiingiza ndani ikapashwa joto inakuwa kavu, inafyonza. Kwa hiyo huko kuingiza hewa ni kukausha nyumba. Goba usiku wa masika, nyuzi 27 na asilimia 85, mita hiyo hiyo imebeba kama gramu 22. Ukiingiza hiyo unaleta maji, ukiitoa na kuingiza nyingine ya namna hiyo umebadilisha maji kwa maji. Inayobaki faida ni kutoa mvuke wa kuoga na kupika, hewa chafu na harufu.

#22 BintiMakorora
Haya mwalimu, sasa mbona luva za Tanga zilifaa? Tanga si Leeds.

#23 Chaki_na_Ubao
Kwa sababu hamkuwa na AC. Ukuta ulikuwa na joto sawa na hewa, maji hayakuwa na pa kutua. Na ule upepo ulikausha ngozi zenu.

#24 BintiMakorora
Na magodoro ya Jumamosi. Usiyasahau.

#25 Mdau_wa_Umoja
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu shida ni kinyume. Nyumba za kupanga zina vile vitundu vya kudumu juu ya dirisha, ni kawaida yetu. Sasa ikifika Julai na baridi, kila mpangaji anaviziba na gazeti. Ghorofa lenyewe limekaribiana na la jirani, ukinyoosha mkono dirishani unasalimia. Bafu halina dirisha, limefungukia shimo la katikati ambalo kila mtu anaanikia nguo. Nilimwambia keateka, msimamizi wa nyumba, tuwekewe feni, akaniuliza kama nitalipa stima ya ploti nzima.

#26 Bonde_la_Makete
Kwa huyo wa magazeti, tafadhali asizibe kama anawasha jiko la mkaa ndani. Huku kwetu Makete Juni na Julai ni baridi ya kung'ata, watu wanaingiza jiko chumbani, wanafunga kila upenyo. Ile gesi ya mkaa haina harufu wala rangi. Unasinzia ukidhani ni joto limekunogea. Nilizika watu wawili wa nyumba moja, baba na binti yake, 2016. Jiko lilikutwa katikati ya vitanda.

Na mnaofunga feni za kunyonya jikoni, kama kuna jiko la kuni lenye bomba la moshi, feni kubwa inaweza kuuvuta moshi urudi ndani badala ya kupanda. Hakikisha kuna dirisha wazi.

#27 Mdau_wa_Umoja
Pole sana kwa msiba. Natoa gazeti leo.

#28 Mpenda_Ubaridi
Mimi sielewi mnahangaika nini. Ukiwa na AC umeshapata hewa safi, ndiyo kazi yake. Funga kila kitu, washa, lala.

#29 Baharia_Muscat
Hapana. Hizi AC za ukutani, kile cha nje na kile cha ndani vinaunganishwa na mabomba mawili ya shaba yanayopitisha gesi. Hewa haitoki nje hata tone. Inazungusha ile ile mliyoipumua saa tatu usiku. Ukiwa na kipima hewa, nje utasoma kama sehemu 420 kwa milioni za kaboni dioksidi; chumba kilichofungwa watu wanne alfajiri si ajabu kukuta 2000 na zaidi. Ile kichwa kizito ya asubuhi si shetani.

#30 Mpenda_Ubaridi
Miaka yote hii nilijua inavuta nje. Nimenyamaza.

#31 Mkwezi_wa_Goba
Wakuu nashukuru, ila sasa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja. Nina feni, nina sifongo, nina chupa ya soda, nina magodoro. Nianze na lipi?

#32 Saruji_na_Kokoto
Kipimo cha bure. Kata nailoni nene mraba wa futi moja. Ibandike ukutani kwa seloteipu pande zote nne, isipitishe. Iache siku tatu. Maji yakijikusanya NYUMA ya nailoni, ukuta ndio unaotoa maji. Yakiwa MBELE, upande wa chumbani, ni hewa. Fanya masta na chumba cha watoto.

#33 Tabibu_wa_Mabomba
Nimechelewa kidogo. Mimi ni fundi bomba. Hiyo harufu ya mihogo iliyolowa imenitia shaka, ukungu peke yake haunuki hivyo. Panda darini na tochi, tafuta bomba la hewa la choo. Linatakiwa kupita bati litokeze juu. Angalia limeishia wapi.

#34 Mkwezi_wa_Goba
Wakuu. Limeishia darini. Futi mbili chini ya bati. Halina hata mfuniko.

#35 Kijiti_Moto
😂😂😂 Mfumo wa nyumba nzima ulikuwepo kumbe, ila umeelekezwa ndani.

#36 Tabibu_wa_Mabomba
Msimcheke, nyumba za namna hiyo ni nyingi. Fundi wa bati anafika kabla ya fundi bomba, kila mmoja anakwepa kutoboa msauzi asilaumiwe kwa kuvuja. Ongeza bomba, toboa, weka kola ya mpira na mfuniko wa wavu juu. Kazi ya nusu siku.

#37 Mkwezi_wa_Goba
Mrejesho. Bomba limetolewa nje, harufu imepungua sana. Nailoni: masta matone yako mbele, upande wa chumbani. Chumba cha watoto yako nyuma.

#38 Saruji_na_Kokoto
Nilisema ni ukuta.

#39 Baharia_Muscat
Nilisema ni hewa.

#40 BintiMakorora
Hawa wawili waozeshwe.

#41 Muuguzi_Ifakara
Naomba niwakumbushe mbu, maana naona watu wanataka kufungua matundu kila mahali. Mbu wa malaria anapenda kuingilia ule upenyo kati ya ukuta na paa. Ndiyo maana watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walijaribu kufunga pale mikanda ya gunia iliyotiwa dawa. Ila kuziba kila kitu nako kuna adhabu: utafiti wa Gambia ulionyesha chumba chenye paa la bati kisichopitisha hewa kinajaa joto na ile hewa tunayoitoa mapafuni, na hiyo ndiyo inayomwita mbu. Hewa ikipita kwenye nyavu, mbu wanapungua na watu wanalala. Mtwara wamejenga nyumba 110 za majaribio kwa fikra hiyo: vyumba vya kulala juu, kuta zinazopitisha upepo, nyavu kila upande. Hakuna injini hata moja.

#42 Mpenda_Ubaridi
Narudi kwa swali la hela. Feni inakula umeme kiasi gani? Mimi niko kwenye zile uniti 75 kwa mwezi za wanyonge, za bei nafuu, nikivuka nimekwisha.

#43 FundiWaya_Tegeta
Feni ndogo ya wati 20 ikiwaka saa 24 mwezi mzima ni uniti 14 na ushee. Kwa sisi tunaonunua shilingi 356 kwa uniti ni kama 5,100. Kwa taima, nusu saa kwa siku, haifiki hata uniti moja. Kitakachokutoa kwenye 75 ni hiyo AC yako uliyokuwa unajifungia nayo.

#44 MzeeWaKibaraza
Na umeme ukikatika? Kiwanja changu cha katikati hakijui mgao.

#45 Mjukuu_wa_Forodhani
Babu naye akipata pa kuchomekea 😂

#46 Milioni_Nne
Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu, maana mimi ndiye niliyefunga mfumo wa nyumba nzima. Mbezi, nyumba mpya, 2022. Mashine darini, mabomba ya inchi 6 na 4, tundu sita. Nilichojifunza:

Kwanza, ilinunuliwa ile ya kubadilishana joto, ya nchi za baridi. Hapa joto la ndani na la nje linakaribiana kama huna AC, kwa hiyo inabadilishana nini? Nilipaswa kuchukua ile inayobadilishana na mvuke pia, na kuifunga vyumba vya AC tu.

Pili, vichujio. Vumbi la Mbezi lilivijaza wiki tano. Kipya hakipatikani madukani, naagiza. Nilipovisahau miezi minne, hewa ilikuwa haitoki kabisa ila injini inaunguruma, na mimi najisifu kwa wageni.

Tatu, darini chini ya bati mchana ni tanuri. Mabomba hayakuvishwa sufi ya kuzuia joto, hewa iliyokuwa inaingia vyumbani saa nane mchana ilikuwa ya kukausha dagaa.

Nne, popo. Waliingia kwenye tundu la nje lisilo na wavu. Sitaki kusema zaidi.

Leo ninatumia feni tatu za bafuni na jikoni. Mashine ipo, anayeitaka tuongee.

#47 Kijiti_Moto
Hadithi ya popo tunaidai.

#48 Baharia_Muscat
Kosa si la mashine, ni la aliyeichagua na aliyeifunga. Ikifungwa vizuri na mabomba yakavishwa, nyumba yenye AC vyumba vyote inafaidika. Usiwatishe watu.

#49 Milioni_Nne
Sitishi, nauza.

#50 Wa_Mikocheni_B
Na zile za kuzunguka juu ya bati, bila umeme, kama za magodauni? Mtu kafunga?

#51 FundiWaya_Tegeta
Zinatoa joto la darini, sawa. Ila kama dari yako ya jipsamu imezibwa, chumbani hazikufikii. Na ziwe na tundu za kuingizia hewa kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, la sivyo zinazunguka kwa furaha zao tu.

#52 Bi_Mdogo_Leeds
Mleta mada, tuambie umefikia wapi. Na shemeji umemwambia nilichosema?

#53 Mkwezi_wa_Goba
Shemeji kasema wewe ni wa Leeds, yeye ni wa London, ni nchi mbili.

Nilipofika ni hapa. Nimefunga feni mbili za inchi 4 zenye taima, mabomba yametoka ukutani, milango ya bafu imekatwa chini. AC iko 25, mama watoto ananuna. Dari nimeifuta kwa jiki, doa halijarudi, ila mvua nazo zimepungua kwa hiyo sijui nimshukuru nani. Chumba cha watoto fundi mwingine anataka kukwangua plasta yote ya chini, Saruji na wenzake naomba maoni kabla sijalipa.

Mzee alikuja wiki iliyopita kutoka Tanga. Kakaa kimya siku ya kwanza, siku ya pili kavuta makabati yote shubiri moja kutoka ukutani, kafungua madirisha mchana kutwa na suti yangu kaianika kwenye ua. Usiku hatukulala kwa mbu, wavu wa dirisha la sebule una tundu la ngumi. Yeye alilala.

#54 Saruji_na_Kokoto
Usikwangue bado. Kwanza angalia nje ya huo ukuta, udongo wa bustani umepanda mpaka wapi? Kama umezidi usawa wa sakafu, chimba kwanza.

#55 Mkwezi_wa_Goba
Umezidi. Kuna maua ya mama watoto.

#56 BintiMakorora
Yaliyobaki sasa ni ya ndoa, si ya ujenzi.

#57 Kijiti_Moto
Vile viatu vya ngozi mwisho wake nini? Namba ngapi?

#58 Mkwezi_wa_Goba
42. Mzee kaondoka navyo.